Msimnyamazishe anayeuliza

Swali lenu la wiki hii: kijana akianza kuhoji dini aliyolelewa nayo, mzazi afanye nini? Amjibu. Asipokuwa na jibu, ampeleke kwa mwenye nalo.

Nimezaliwa Lamu, Langoni. Baba alikuwa mkali wa dini. Redio haikufunguliwa ila kwa habari na mawaidha, na Mfungo Sita, mwezi aliozaliwa Mtume, watu wakimiminika msikiti wa Riyadha kwa maulidi, sisi wanawe tulifungiwa ndani, kwani kwake maulidi ni bidaa, uzushi katika dini. Mwaka mmoja zefe, maandamano ya maulidi, lilipita chini ya dirisha letu. Nikachungulia, nikamwona maalimu wangu wa chuo yumo safuni, kanzu imemlowa jasho mgongoni, bakora juu, anayumba na wenzake kwa mdundo wa matwari, ngoma za mkononi. Huyu ndiye aliyenifunza Kurani herufi kwa herufi. Vipi nimfuate asubuhi na jioni niambiwe kapotea?

Nilimuuliza baba. Nikapigwa kofi, nikaambiwa ni shetani anayenisemesha. Tangu siku ile sikuuliza tena nyumbani, lakini maswali hayakwisha, yalizidi. Nilikuwa nikisimama kuswali nyuma ya baba na moyo haupo kabisa.

Aliyeniokoa ni ami yangu, mshona kofia za vito, zile zenye vitundu vya kudariziwa. Nilimweleza yote barazani kwake naye akiendelea na sindano, tundu baada ya tundu, bila kunikatiza. Kisha akaniuliza kama naikumbuka aya ya 260 ya Suratul Baqara. Nabii Ibrahim alimwomba Mola amwonyeshe vipi anafufua wafu, si kwa kukosa imani, bali moyo wake upate kutulia. Na hakukemewa, alionyeshwa. Akanikumbusha pia kuwa Habib Swaleh mwenyewe, mwasisi wa Riyadha, alipingwa na wakubwa wa mji kwa hayo matwari, na kwa kuwasomesha watu waliodharauliwa, wakiwemo wa asili ya utumwa. Mabishano haya Lamu hayakuanza na mimi.

Hakusema nani ana haki. Alisema, “Babako anakuchelea, mwanangu, usimvunjie heshima. Lakini soma, ujue kila mmoja ana hoja gani.”

Nikasoma. Leo naswali kwa hiari yangu, maulidi naenda, na baba hadi anafariki hatukukubaliana juu ya hilo, ila tulikuwa tukizungumza. Ndugu yangu hakupata wa kumsikiliza. Alihamia bara, na hata Idi haji. Kwangu mimi hilo ndilo linaloniuma kuliko lile kofi.

Kwa hiyo nawaomba maimamu wetu: darsa za baina ya magharibi na isha zipo, lakini ni za wazee kusikiliza. Tengeni usiku mmoja kwa wiki, vijana waulize wao, wasichana nao wawekewe nafasi yao, na asitajwe kwa baba yake aliyeuliza nini.