Maswali na Majibu: Mbega, Herufi za Saruji na Chaki

Shikamoo mzee. Ninunue simu gani nipige picha ndege wa mjini? – Msomaji, Majengo

Marahaba. Hiyo uliyonayo. Futa lenzi kwanza, imejaa mafuta ya chipsi. Na swali hili msinitumie tena.

Mbega wa msitu wa Rau pichani wananitokea donge jeusi lenye doa jeupe lililoungua. Nikiwatupia ndizi hawashuki. – Msomaji, Soweto

Kamera inaona giza la majani, inaongeza mwanga, mkia mweupe unaungua. Gusa kioo penye manyoya meupe, kisha teremsha ile alama ya jua mpaka uone nywele za mkia moja moja. Weusi utauongezea mwanga kwenye simu ukiwa nyumbani, ila weupe ulioungua haurudi.

Sasa hiyo ndizi. Mbega anakula majani, na tumbo lake linayachachusha kama la ng'ombe. Tunda bivu linamvuruga. Atakayeshuka kuiokota ni kima, na kima akishazoea mkono wa mtu, kesho yuko dirishani kwa mama wa watu anabeba mkate, keshokutwa anapigwa mawe. Nimechoka kuliandika hili.

Kuna duka la zamani karibu na soko, juu lina jina la mwenyewe na mwaka kwa herufi za saruji. Nimekwenda mara tatu, pichani hazisomeki. Nizipake chaki? – Msomaji, Pasua

Chaki iache shuleni. Duka limetazama wapi? Hamsemi kamwe! Sisi hapa Moshi tuko nyuzi 3 na kidogo kusini mwa ikweta. Mwezi wa sita jua linapita kaskazini kutwa, ukuta uliotazama kusini haupati hata mwale. Desemba mambo yanageuka. Herufi za saruji zinataka jua la kuuparaza ukuta, siyo la kuuchapa usoni. Ukuta wa mashariki, basi, usiuwahi alfajiri. Nenda saa tano, jua likimwagika kutoka juu na kila herufi ikiweka kivuli chake chini.

Kama ni maandishi ya rangi, nenda mvua ikikatika. Masika moja, nyuma ya ghala fulani, niliona neno SABUNI likijitokeza kwenye ukuta niliopita miaka yote nikidhani ni mtupu. Ukuta ulipokauka, likazama.

Ila usingoje masika tatu. Kampuni za simu zinapaka duka zima rangi yao kwa siku moja. Mwenye duka simlaumu, rangi ya bure nani anaikataa?

Mwenye duka kanifukuza, na mimi nilikuwa barabarani, nina haki yangu. – Msomaji, Njoro

Ulimsalimu? Nunua soda, inywe pale pale, muulize duka lilikuwa la nani. Bila hivyo anadhani umetumwa na watu wa kodi.

Ndani ya kambi ya jeshi kuna mti umejaa popo. Naweza kuwapiga picha nikiwa nje ya uzio? – Msomaji, Kiboriloni

Hapana. Jioni watapita juu ya paa lako.