Maswali Yenu: Mji unabadili kanuni za ardhi, duka langu litapona?

Mwalimu, shikamoo. Nina duka dogo la madaftari kwenye chumba cha mbele cha nyumba yangu, kibali ninacho tangu siku ya kwanza. Sasa rasimu ya kanuni mpya inasema mtaa wetu utakuwa wa makazi tu. Jirani ananiambia nianze kufungasha. Ni kweli? – Mwenye Duka

Marahaba. Usifungashe kitu kwanza, na huyo jirani muulize kama rasimu ameisoma au kasimuliwa tu.

Kanuni za namna hii sehemu nyingi huangalia mbele. Kilichokuwepo kihalali kabla hazijaanza kinaachwa kiendelee hata kama hakifanani na mpango mpya. Ni mtindo wa zamani huo, New York walipopitisha kanuni zao za kugawa mji 1916, baada ya watu kulalamikia jengo la Equitable lililokamilika 1915 likatupa kivuli kikubwa juu ya mitaa ya jirani, majengo yaliyokwisha kusimama hawakuyabomoa, ila waliojenga baadaye ndio ikabidi wapunguze upana wa jengo kadiri linavyopanda juu.

Sasa hiyo ruhusa ina masharti yake na hapo ndipo watu wanapoumia. Mara nyingi huruhusiwi kulipanua duka, na ukilifunga kwa muda uliotajwa kwenye kanuni (sehemu nyingine miezi sita, nyingine mwaka au zaidi, wewe tafuta unaokuhusu) haki inapotea na huwezi kufungua tena. Yaani ukifunga ukaenda kumuuguza mgonjwa ukarudi umechelewa, basi umelipoteza duka bila mtu kukugusa. Halafu wa kuthibitisha kwamba ulikuwepo ni wewe. Kwa hiyo leo hii tafuta kile kibali, leseni za kila mwaka, bili za umeme, na picha za duka zenye tarehe kama unazo, weka kwenye bahasha moja. Nimeona mtu ana duka la miaka na miaka akashindwa kesi kwa kukosa karatasi ya mwaka wa katikati.

Ombi langu la kujenga ghorofa moja juu ya nyumba liko ofisini hata majibu sijapata, na kanuni mpya zinakaribia kupita. Nitapimwa kwa zipi? – Nipo Foleni

Hili ndilo swali lililonifanya niandike safu nzima.

Inategemea mji wako umechagua siku gani, na dunia haijakubaliana. Jimbo la Washington kule Marekani, ukiwasilisha ombi la kibali cha ujenzi likiwa kamili, unapimwa kwa kanuni za siku hiyohiyo hata kama kesho yake zinabadilika. England ni kinyume, wanaangalia mpango unaotumika siku ya kutoa uamuzi, kwa hiyo ukikaa foleni kanuni zinaweza kubadilika chini ya miguu yako. Kwenye rasimu yenu kafungue kurasa za mwishomwisho, kuna kitu kinaitwa masharti ya mpito. Watu wanakesha wakibishana kuhusu urefu wa maghorofa huku mistari hiyo michache hakuna anayeisoma, na ndiyo inayoamua ombi lako linaangukia wapi. Kama haipo kabisa, hiyo ni hoja ya kupeleka kabla maoni hayajafungwa.

Na neno "kamili" ulichukulie kwa uzito, maana kupokelewa dirishani na kugongewa muhuri siyo kukamilika. Mimi mwenyewe ombi la kuongeza chumba lilirudishwa mara mbili, kwanza ramani haikuwa na mshale wa kaskazini, nikaweka, likarudi tena eti umbali wa kutoka ukutani hadi mpakani umeandikwa upande mmoja tu na pande nyingine tatu ziko tupu. Fundi wangu alicheka, mimi sikucheka. Kwa hiyo nenda kaombe wakuandikie kwamba ombi lako limekamilika na kuanzia tarehe gani. Jibu la mdomo halitakusaidia siku ya mabishano.

Rasimu imefuta ule ulazima wa kila jengo kuwa na idadi fulani ya maegesho. Si magari yatajaa mbele ya mageti yetu? – Mama Mwenye Geti

Mama, kufuta ulazima siyo kukataza. Mwenye jengo bado anaweza kuweka maegesho mengi apendavyo, kilichoondoka ni kulazimishwa. Buffalo, Marekani, walifuta mwaka 2017 mji mzima, na New Zealand mwaka 2020 serikali ikaagiza miji yake iache kulazimisha. Sababu ni hesabu tu. Gari moja, ukijumlisha na njia ya kupita, linakula kama mita za mraba 25 hadi 30, sasa kwenye kiwanja kidogo ukidaiwa nafasi nne hiyo ni mita 100 na zaidi zimeondoka hujaweka hata tofali.

Ila hofu yako siyo ya bure. Barabara isiposimamiwa watu wataegesha popote, na huo usimamizi mara nyingi hauko kwenye kanuni za ardhi, uko kwa watu wa barabara. Ningekuwa wewe nisingepinga kufutwa kwake, ningeuliza nani atasimamia mtaa na kuanzia lini.

Kwenye mkutano wa maoni nilipiga kelele mpaka sauti ikakauka na hakuna kilichobadilika. Nifanyeje? – Sauti Imekauka

Pole. Andika. Taja namba ya kifungu, eleza kitafanya nini kwenye kiwanja unachokijua, kisha pendekeza maneno ya kuweka badala yake. "Tunapinga maendeleo haya" wataiweka kwenye faili tu, lakini "kifungu hiki kinadai mita tatu kila upande, na kiwanja changu kina upana wa mita nane, kwa hiyo zinabaki mbili za kujenga" mtu wa mipango lazima asimame hapo apige hesabu upya.

Pia chagua hoja inayohesabika. Kwa mfano England, ukipinga ombi la jirani kwa sababu nyumba yako itashuka bei, au hutaona tena mandhari uliyokuwa unayaona dirishani, kwa kawaida haiingii kwenye uamuzi, ila kukosa mwanga, kelele na usalama wa barabara vinaingia.

Nimeshapewa ruhusa ya kubadili matumizi ya kiwanja kutoka makazi kwenda biashara. Naanza kumwaga zege Jumatatu? – Mwenye Haraka

Hapana. Hiyo inasema kiwanja kitumike kwa nini, uimara wa jengo lenyewe kwa kawaida una kibali chake. Jumatatu nenda ofisini kaulize hicho cha pili, zege liache kwanza.