Wahadhiri, tuiteni wakutubi mapema

Juzi mhadhiri mmoja kanitumia meseji huku maktaba: "Mkutubi, naomba Alhamisi uwape wanafunzi wangu lisaa limoja la kutafuta vyanzo, insha wanakusanya Ijumaa." Nimeisoma mara tatu na moyo umeniuma, maana hilo lisaa limoja nimelifundisha miaka na miaka na najua halimsaidii mtu.

Zamani nilikuwa naingia na slaidi 60, namwaga kila kitu, katalogi, kanzidata za makala, namna ya kuandika marejeo, wanafunzi wananitazama tu, nikitoka najiona nimefundisha. Kumbe! Wiki mbili baadaye kijana mmoja kaniletea marejeo 12 ya insha yake, tukakagua moja moja, 5 hazipo popote. Jarida lipo, mwandishi yupo, ila makala yenyewe haijawahi kuandikwa, akili mnemba ndo imemtungia. Na huyo alikaa siti ya mbele kwenye kipindi changu. Mpaka leo inaniuma.

Kilichobadilisha mambo ni mhadhiri mwingine aliyekubali tukae pamoja kabla hajatoa kazi. Tukaigawa: kwanza mwanafunzi alete swali lake na maneno ya kutafutia, wiki inayofuata makala mbili na aseme kwa nini kaziamini, insha baadaye, na kila hatua ina maksi zake. Darasani tukasimama wote wawili. Binti mmoja kaandika swali lake zima, mstari na nusu, kwenye kisanduku cha kutafutia, matokeo sifuri. Nikamwambia futa yote, bakiza usingizi na wanafunzi, weka AND katikati ili yote mawili yawemo, halafu wanafunzi OR vijana, yaani lolote kati ya hayo, uwafungie kwenye mabano. Makala zikamiminika, akageuka kunitazama macho yamemtoka! Hapo mhadhiri akachukua usukani: soma ikisiri kwanza, ule muhtasari mwanzoni mwa makala, kisha nenda kwenye marejeo uone ni nani anatajwa na kila mtu. Hiyo mimi nisingeiweza, ye ndo anawajua waandishi wa fani yake.

Kwa hiyo wahadhiri, tuiteni mapema, kabla swali halijatoka. Na nyie wakutubi wenzangu, acheni kupokea kila lisaa mnalotupiwa. Kutafuta hakufundishwi kwa kusimuliwa, mtu atafute akiwa na swali lake mwenyewe, akosee, arudie, na wewe uwe pembeni yake.

Yule wa Alhamisi nimemjibu nitakuja, ila anitumie swali la insha leo leo, na siku hiyo awepo darasani mwanzo mpaka mwisho. Nasubiri jibu lake.