Usifute picha zilizoharibika kabla hujazisoma

Nilipoanza kutumia kamera, kidole changu kilizoea kitufe cha kufuta kuliko cha kupigia picha. Napiga, natazama kioo cha nyuma, naona sura ina giza au mkono umevutika kama moshi, nafuta. Jioni nabaki na picha chache za kujivunia, na kesho yake narudia makosa yale yale. Lawama zote nikaitupia lenzi, nikanunua nyingine. Makosa yakahamia nayo.

Nilianza kupona nilipogundua kwamba kila picha ya dijitali hubeba ndani yake kumbukumbu ya namna ilivyopigwa: kasi ya shata (pazia linaloingiza mwanga kwa muda mfupi), tundu la lenzi, ISO (kiasi kamera inavyoukuza mwanga), urefu wa lenzi kwa milimita, hata saa. Kumbukumbu hizo huitwa EXIF, na programu nyingi za kutazamia picha huzionyesha ukifungua maelezo ya faili. Tangu hapo picha mbaya naziweka kwenye folda yake, naziacha wiki nzima hasira iishe, kisha nakaa kuzisoma.

Kitu cha kwanza kilichoniumbua ni ukungu, yaani picha kutokuwa kali. Nilidhani fokasi, pale lenzi inapoweka ukali, ndiyo mbovu, kumbe shata ilikaa wazi muda mrefu mno: picha nyingi zilipigwa ndani ya nyumba kwa 1/15 au 1/30 ya sekunde. Siku hizi nautazama ukungu wenyewe kwanza. Ikiwa hata ukuta umevutika, ni mkono wangu uliotikisika. Ukuta ukiwa safi na mtoto amevutika, mtoto ndiye aliyesogea. Sikio likiwa kali na jicho limefifia, hapo kweli ni fokasi. Kwa mkono, kanuni ya zamani bado inanifaa: lenzi ya milimita 50, usishuke chini ya 1/50, ya 200, usishuke chini ya 1/200. Lenzi au kamera yenye kizuia mtikisiko hukuruhusu kushuka zaidi, lakini haimzuii mtoto anayekimbia. Huyo mpe 1/500.

Kwa nini nilikuwa napiga polepole hivyo? Niliogopa chenga, zile punjepunje zinazotokea ISO ikipanda, kwa hiyo ISO nikaibana chini kama bahili. Kumbe kutoka ISO 400 hadi 1600, kwa mwanga ule ule, unapanda kutoka 1/30 hadi 1/125. Chenga unaweza kuzipunguza baadaye kwenye kompyuta. Picha iliyotikisika haina dawa.

La pili lilinichukua muda zaidi: nyuso kuwa nyeusi mbele ya dirisha. Kamera haijui kwamba unachotaka ni uso. Inapima mwanga ulio mbele yake na kujaribu kuuleta kwenye kijivu cha wastani, basi dirisha likijaa kwenye fremu inapunguza mwanga wa kila kitu, na mtu wako anabaki kivuli. Mtu aliyesimama mbele ya ukuta mweusi hupata shida ya upande wa pili: anapauka. Kamera nyingi zina kitufe chenye alama ya kujumlisha na kutoa, cha kuongeza au kupunguza mwanga wa picha. Kwenye dirisha nenda +1, hata +2. Kwenye ukuta mweusi nenda -1. Ila kusema kweli, siku hizi kabla ya kugusa kitufe namgeuza mtu mwenyewe, dirisha liwe ubavuni mwake. Nusu ya picha zangu nzuri zimetokana na kumwambia mtu "hebu geuka kidogo".

RAW, faili ghafi ambalo kamera haijalipunguza? Piga, ukiwa na nafasi kwenye kadi. JPEG, faili la kawaida lililobanwa, hutupa taarifa nyingi za vivuli ambazo ungeweza kuziokoa. Kuhusu kugawa fremu katika theluthi, yaani kumweka mtu theluthi moja kutoka ukingoni badala ya katikati, sina la kuongeza. Ijaribu, na ikikukera iache.

Wiki hii folda ina picha 23. Hakuna iliyotikisika, na mwanga uko sawa, lakini zote zinachosha. Nimezipitia EXIF zake: 19 zimepigwa lenzi ikiwa imevutwa (zoom) hadi mwisho. Maana yake nilisimama mbali, nikiona aibu kuwasogelea watu. Jumamosi natoka na lenzi ya milimita 35 peke yake, isiyovutika, nione kama miguu itakubali.