Msiitoe Risasi Puani

Jumamosi nimeteremka kilima cha Ivinghoe Beacon mara nne hapa Uingereza kuokota vipande vya ndege ndogo za rimoti zisizo zangu. Mara nne, na goti hili. Kila nikirudi juu nahema, mwenye ndege ananipa maelezo yaleyale: upepo uligeuka. Haukugeuka, wadogo zangu. Ulikuwa maili 15 kwa saa, unapiga uso wa kilima na kupanda, ndio unaobeba ndege, tangu asubuhi mpaka tulipofungua chapati. Mlichokosea nilikikosea mimi kabla yenu, tena kwa gharama kubwa zaidi. Sasa naandika, maana kupiga kelele kule juu kunanikausha koo.

1. Ndege ya kwanza iwe ya povu. Bawa tupu lisilo na kiwiliwili wala mkia, la EPP (povu gumu linalonesa), mita 1.2, servo mbili (mota ndogo za kusogeza mabapa), elevoni (mabapa mawili ya nyuma ya bawa), basi. Najua ni baya, linafanana na kipande cha godoro. Lakini likianguka unalipangusa mavi ya kondoo na kulirusha tena, wakati ndege ya balsa, ule mti mwepesi, ikianguka unarudi nyumbani Luton na mfuko wa njiti. Asiye na kilima karibu achukue glaida (ndege ya kuelea hewani) ya povu yenye mota puani, mita 2, aina ya Radian, usukani na elevata (bapa la mkiani la kupandisha na kushusha pua) tu. Mabawa yake yameinuka kwenye ncha, kwa hiyo ukichanganyikiwa ukaachia vijiti, inajiweka sawa yenyewe. Nilimwambia hivyo kijana mmoja mwezi uliopita. Akaitikia "sawa kaka" kwa adabu zote, kisha akaja na glaida ya mita 3, ya faibaglasi, inayong'aa kama bibi harusi. Sikuweza hata kumkaripia, kwa sababu ya namba mbili.

2. Kitovu cha uzito, yaani pale ndege inapotulia sawa ukiibeba kwa vidole. Hapa naungama.

Mimi ni mtoto wa nahodha wa mashua, Tanga. Farumi, uzito wa kutuliza chombo, naijua tangu sijaota meno ya pili: chombo kisicho na uzito mahali pake hakiendi, kinapinduka. Pamoja na hayo, mwaka wangu wa kwanza wa kurusha, nilinunua glaida ya mtumba ya mita 3 kwa pesa za ovataimu za kipindi kizima cha baridi. Mke wangu mpaka leo anaamini ilikuwa theluthi ya bei ile. Puani mwa glaida hiyo, mwenyewe wa zamani alikuwa amegandisha madini ya risasi. Niliing'oa kwa kisu, nikaiweka kwenye mizani ya jikoni: gramu 90. Nikajiuliza, chombo kisicho na injini kinabebeshwa jiwe la nini? Nikarudisha gramu 20 tu, nikajiona mhandisi.

Msinidhanie sikupima. Nilipima. Nikaweka vidole viwili chini ya mabawa, theluthi moja kutoka ukingo wa mbele, kama nilivyofundishwa. Mkia ukaanguka. Basi nikasogeza vidole nyuma. Ukaanguka tena, nikasogeza tena, mpaka ndege ikatulia, nami nikatabasamu. Rudieni kuisoma sentensi hiyo. Sikuirekebisha ndege, nilisogeza vidole.

Kilimani alikuwapo mzee mmoja Mwingereza, mstaafu, hakosi chupa ya chai. Akauliza kama nimebadilisha chochote. Nikamjibu hapana.

Sekunde ya kwanza iliruka vizuri kuliko chochote nilichowahi kushika. Ya pili pua ikainuka. Nikasukuma kijiti kidogo tu, ikachimba chini kama imepigwa rungu. Nikavuta, ikapanda zaidi ya mwanzo. Ndivyo ilivyo ndege yenye mkia mzito: pua ikiinuka hakuna kinachoirudisha, inazidi kuinuka, na elevata inakuwa kali kiasi kwamba kidole kikitetemeka tu, ndege inaruka ukuta. Mara ya tatu ikasimama wima juu ya njia ya watembea kwa miguu, kimya, haina kasi hata chembe. Hata mbwa wa watu alinyanyua kichwa kuitazama. Kisha bawa la kushoto likaangukia upande, ndege ikajizungusha mara mbili na nusu, ikaingia kwenye kichaka cha miiba. Ililia kama dafu lililodondoshwa sakafuni.

Mzee akajimiminia chai. "Yenye pua nzito huruka vibaya," akasema, "yenye mkia mzito huruka mara moja."

Nikiokota vipande ndipo nilipoona, chini ya bawa, alama ya kalamu ya risasi aliyoipiga mwenyewe wa zamani: mstari mfupi, na mshale. Pa kuweka vidole. Vyangu vilikuwa vimeupita kwa sentimita 3. Jioni nikampigia baba simu. Glaida hajawahi kuiona, nikamweleza kwa mikono kana kwamba ananiona. Akanyamaza kidogo, akauliza: "Ulitoa farumi?" Alicheka mpaka nikamsikia mama kwa mbali akiuliza kuna nini.

Kwa hiyo: fuateni kipimo cha mtengenezaji. Rukeni kwanza na pua nzito, kisha punguzeni gramu tano tano, mkiwa mmeshatua salama.

3. Kabla ya kurusha, tikisa vijiti. Ukivuta kwako, mabapa yote mawili ya elevoni yapande. Ukienda kulia, la kulia lipande. Rimoti inahifadhi mipangilio ya ndege nyingi, na Jumamosi mmoja wenu alichagua ndege iliyobaki nyumbani kabatini.

4. Irushe kama mkuki, pua ikilenga upeo wa macho au chini yake kidogo. Sio kama jiwe la kuangulia embe.

5. Kona zote zigeukie nje, mbali na kilima. Ndege ikija usoni kwako kulia na kushoto hugeuka. Sukuma kijiti upande wa bawa lililolala, litanyanyuka. Mimi bado najisemea kimoyomoyo.

6. Nyuma ya kilele hewa inajiviringa kama maji nyuma ya mwamba. Usitue huko.

7. Mwangalieni mwewe mwekundu. Kwenye vilima hivi vya Chiltern walikuwa wametoweka. Kuanzia 1990 wakaletwa makinda kutoka Hispania, na leo wanatupita juu ya vichwa kila mara. Akizunguka bila kupiga bawa, pale hewa inapanda: ingia naye. Ila anahama na upepo, na yeye hana haja ya kurudi kwangu. Nilimfuata mmoja mpaka ndege yangu ikawa nukta, kisha nikaanza kubishana na binamu yangu nukta ipi ni yangu. Yangu ilipatikana shambani kwa mtu, siku ya pili, imelala kati ya ngano kama imechoka.

8. Namba ya CAA (mamlaka ya usafiri wa anga ya Uingereza) ibandikwe kwenye ndege, betri ichajiwe usiku, geti la kondoo lifungwe.

Na aliyeazima chubwi zangu mbili, vile vipande vya risasi vya kuongezea uzito, Jumamosi azirudishe. Nimezihesabu.