Mtoto Akisomea Nyumbani, Nani Atamkagua Mwalimu?

SWALI: Nikimtoa mtoto shule ya umma nimfundishe mwenyewe, nitajuaje kama anaelewa kweli? Shuleni kuna mwalimu mkuu na wakaguzi, nyumbani niko peke yangu.

JIBU: Hapo ndipo penye kazi. Wengi huanza na vitabu na ratiba, na hayo ndiyo mepesi. Shuleni andalio la somo hupitiwa, madaftari hukaguliwa, na mtihani wa mwisho husahihishwa na mtu asiyemjua mtoto. Usimamizi huo una matundu yake. Mkaguzi anayetarajiwa huonyeshwa somo lililopambwa. Lakini nyumbani hata huo haupo, mzazi ndiye mtunzi, mfundishaji na msahihishaji.

Kosa linalojificha zaidi ni kudokeza. Mtoto akisita, mzazi huinua nyusi au hurudia swali kwa sauti inayobeba jibu. Alama zinapanda, elimu haipandi. Kwa hiyo usipime siku uliyofundisha. Subiri wiki mbili au tatu, mpe karatasi, kisha toka chumbani. Sahihisha kwa kalamu ya rangi nyingine, na makosa yasifutwe.

Kwa kusoma, chukua kitabu asichowahi kukisoma, hesabu maneno 100, asome kwa sauti nawe utie alama kila anapokosea. Yasipozidi makosa 5, anaweza kukisoma mwenyewe. Kati ya 6 na 10, asome ukiwa karibu. Yakipita 10, shuka ngazi moja. Kisha asimulie alichosoma, maana wapo watoto wanaotamka kila neno wasiambulie maana yoyote.

Tunza jalada: kila wiki mbili kazi moja ya kila somo, yenye tarehe, hata iliyoharibika. Ukikuta somo fulani lina karatasi chache, mara nyingi ni lile usilolipenda wewe, si mtoto. Mwisho wa muhula, mwalimu asiye ndugu yenu alipitie na amhoji mtoto nusu saa bila wewe kuwepo.

SWALI: Sheria inaruhusu?

JIBU: Inategemea nchi. Ujerumani humlazimu mtoto kuhudhuria shule, na ruhusa za kubaki nyumbani ni nadra mno. Ufaransa, tangu 2022, mzazi huomba kibali. Zamani alitoa taarifa tu. Marekani inaruhusiwa katika majimbo yote, ila masharti hayafanani: Pennsylvania jalada hupitiwa kila mwaka na mtathmini mwenye sifa, Texas hakuna hata usajili.

Uliza idara ya elimu kabla ya kumtoa mtoto, si baada. Iandikie shule barua, na nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa. Bila hiyo, jina lake hubaki kwenye rejista na kila siku huandikwa mtoro.