Jibu: Mswada kurudishwa kwa sababu ya marejeleo

Pole mkuu. Umesema mhariri amekurudishia mswada akitaka marejeleo kwa mtindo wa APA (wa Chama cha Saikolojia cha Marekani) toleo la 7, na wewe ulitumia la 6. Usiandike upya kila kitu. Kwanza soma maelekezo kwa waandishi ya jarida lenyewe, maana mengine yana masharti yao ya ziada, na hapo hubishani na mtu.

Kilichokuponza nadhani ni haya: mji wa mchapishaji hauandikwi tena, kwa hiyo "Dar es Salaam:" zote futa. Kazi yenye waandishi watatu au zaidi, ndani ya matini unamtaja wa kwanza na "na wenzake" tangu mara ya kwanza. Kwenye orodha ya mwisho, lakini, majina yote yanaandikwa, hadi 20.

Makala ya jarida inakaa hivi:

Mushi, A. (2018). Kichwa cha makala. Jina la Jarida, 12(2), 45–60.

Jina la jarida na ile 12 (namba ya juzuu) vinalazwa kwa italiki. (2), yaani namba ya toleo, na kurasa, hapana. DOI (namba ya kudumu ya kuitambulisha makala mtandaoni) ikiwepo iandike kama kiungo kamili, https://doi.org/ na namba yake, bila nukta mwishoni.

Zotero, programu ya kupanga marejeleo, ni ya bure na itakupangia, ila usiiamini kipofu. Jina la kwanza likiingia sehemu ya jina la ukoo, mpangilio wa alfabeti wote unavurugika, na majina yetu ndiyo hupinduliwa sana. Pitia moja moja kabla hujatuma.